Ule si msaada, ni deni

Gari nyeupe inafika shuleni saa nne asubuhi. Kabla mkurugenzi hajashuka, kijana mmoja mwenye shati la alama ya kampuni amekwisha kuwapanga watoto, wafupi mbele, warefu nyuma, na mama watatu wenye vitenge vipya karibu na kisima. Waandishi wa redio wanapewa karatasi moja ambayo maneno yote yamo tayari: kampuni, kwa moyo wake wa ukarimu, imewapa wakaaji kisima na madarasa mawili. Mkanda unakatwa, ngoma inapigwa, soda zinazungushwa. Wakati wa kuagana kila mwandishi anaitwa pembeni, mmoja mmoja. Bahasha. Jioni wasikilizaji wa Kikula, Panda na Shituru wanasikia habari hiyo kwenye redio tatu, sentensi zile zile, hata pumzi zinakatwa pale pale.

Sherehe za namna hii watu wa Likasi na Kambove wamezizoea kama mvua ya Desemba. Kisima chenyewe hakina kosa. Mama anayebeba bidoni kichwani kila asubuhi hatauliza maji yamelipiwa na nani kabla ya kuyachota, na ana haki. Kosa liko kwenye neno "ukarimu".

Sheria ya madini ya Kongo, ile ya mwaka 2002 iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inasema wazi. Kampuni inayochimba lazima itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa miradi ya maendeleo ya jamii zinazoguswa na mgodi. Pesa hiyo inasimamiwa na chombo ambamo wajumbe wa jamii wanakaa pamoja na wajumbe wa kampuni. Mbali na hiyo kuna kaye de sharje, daftari la ahadi ambalo kampuni inasaini na jamii: shule gani, barabara gani, zahanati gani. Mbali na hiyo tena kuna ushuru wa madini, ambao asilimia 50 inaenda kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, komini, sekta au sheferi ambako machimbo yako, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Na kwa familia ambazo mgodi unaziondoa kwenye nyumba na mashamba yao, kanuni za madini zina kiambatisho kizima, nambari XVIII, kuhusu kuwahamisha, kuwalipa na kuwapa makao mapya.

Kwa hiyo kisima kile kinaweza kuwa kimetoka kwenye asilimia 0.3. Kinaweza kuwa kiliandikwa kwenye kaye de sharje na kimechelewa miaka miwili. Kinaweza pia kuwa zawadi ya kweli. Hilo nalo hutokea, na likitokea lisemwe. Karatasi waliyopewa waandishi haielezi ni kipi kati ya hivyo vitatu, na mwandishi hakuuliza. Mtu akilipa deni lake la unga dukani, mwenye duka hampigii ngoma wala hamwiti mfadhili. Lakini Likasi kampuni ikilipa deni lake, mji mzima unaombwa kupiga makofi, na redio ndiyo inayoongoza makofi hayo.

Kazi ya yule kijana mwenye shati ina jina la heshima: mawasiliano, uhusiano na umma. Wengine wanaajiriwa na kampuni moja kwa moja, wengine wako kwenye ajansi ndogo za Lubumbashi ambazo zinachukua wateja watano kwa mara moja, leo mgodi, kesho bia, kesho kutwa mgombea wa ubunge. Wengi wao ni watoto wa hapa hapa. Walisoma, walipita kwenye redio, mshahara haukufika, wakaenda kule ambako mshahara unafika. Kuwaita wasaliti ni uvivu wa fikira. Kila mtu ana haki ya kusemewa, hata kampuni, hata mgombea, na anayesema kwa niaba ya mwingine anaweza kufanya kazi hiyo kwa uaminifu. Sharti ni moja tu: anayesikia ajue nani analipa. Likasi sharti hilo limevunjwa kwa miaka mingi, na wa kwanza kulivunja si ajansi. Ni redio zenyewe.

Wazee wa mji huu wanakumbuka Mwana Shaba. Gazeti hilo lilianzishwa na Union Minière mwaka 1957, na Gécamines ikaliendeleza. Lilisifu kiwanda, lilionyesha wafanyakazi bora, nyumba safi, timu za mpira. Lilikuwa propaganda? Ndiyo, sehemu kubwa. Mtu aliyetaka kujua kwa nini wafanyakazi wa Union Minière waligoma Desemba 1941, hapa Jadotville na kule Elisabethville, na askari walipiga risasi namna gani, hakutazamia kuyasoma humo. Lakini Mwana Shaba halikumdanganya mtu kuhusu baba yake. Mfanyakazi alipolifungua nyumbani Panda alijua anasoma mdomo wa mwajiri wake, akaamini nusu, akacheka na nusu nyingine. Leo mjukuu wake anasikiliza taarifa ya habari ya saa moja jioni, inayoitwa taarifa ya habari, na katikati yake anasomewa Mwana Shaba bila kuambiwa. Kwa kipimo hicho gazeti la mkoloni lilikuwa na adabu zaidi.

Katanga yenyewe iliwahi kuwa mteja wa kazi hii. Baada ya Moïse Tshombe kutangaza kujitenga tarehe 11 Julai 1960, ofisi ya habari ya Katanga ilifunguliwa New York, ikiongozwa na Mbelgiji Michel Struelens. Wakati askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walikuwa wamezingirwa hapa Jadotville, Septemba 1961, ofisi ile ilikuwa inawaelezea Wamarekani kwamba Katanga ni kisiwa cha amani kinachoonewa. Kazi hiyo ilifanya kelele hadi Carl Rowan, afisa wa wizara ya mambo ya nje ya Marekani, akalalamika mbele ya watu, mwishoni mwa mwaka ule ule, kuhusu kampeni ya pesa nyingi iliyokuwa inawavuta Wamarekani upande wa kujitenga. Lakini angalia: jina la Katanga lilikuwa mlangoni pa ofisi. Na Marekani ilikuwa na sheria tangu 1938 inayomlazimisha mtu anayesema kwa pesa ya nchi ya nje ajiandikishe na aonyeshe anamtumikia nani. Ndiyo maana afisa wa serikali aliweza kuinyooshea kidole. Likasi ya leo mtu hawezi kunyoosha kidole, kwa sababu sauti ya mteja inatoka kwenye mdomo wa mtangazaji anayependwa na mtaa mzima.

Wale wanaofikiri kwamba mchezo huo hauna gharama kwa anayeucheza waangalie kilichoipata Bell Pottinger. Ilikuwa kati ya ajansi kubwa za London. Mwaka 2016 ilichukua kazi ya Oakbay, kampuni ya familia ya Gupta ya Afrika Kusini, kwa malipo yaliyoripotiwa kuwa pauni 100,000 kwa mwezi. Familia hiyo ilikuwa inashutumiwa kuikamata serikali ya Jacob Zuma. Ajansi ikasukuma kampeni iliyowachochea watu wa rangi moja dhidi ya wengine, ili macho yatoke kwa wateja wake. Barua pepe zilivuja. Septemba 2017 chama cha ajansi cha Uingereza kiliifukuza kwa miaka isiyopungua mitano, wateja wakakimbia, na kabla mwezi haujaisha kampuni ilikuwa mikononi mwa wafilisi. Ilianguka kwa sababu Afrika Kusini kulikuwa na waandishi waliokataa kusoma karatasi na wakaenda kutafuta nani aliiandika.

Tena si lazima kuwasha chuki ili kuumiza. Neno moja linatosha. Tarehe 27 Juni 2019 udongo uliangukia wachimbaji wa mikono kwenye eneo la KCC, mgodi ulio chini ya Glencore huko Kolwezi. Waliokufa walizidi 40. Kampuni ilieleza kwamba walikuwa wameingia bila ruhusa na kwamba tukio halikuhusiana na shughuli zake. Yote hayo yanaweza kuwa kweli kisheria. Lakini redio nyingi zilichukua neno la kampuni likawa neno lao, na jioni ile vijana waliokufa waliitwa "wavamizi" kabla ya kuitwa kwa majina. Miezi minne kabla ya hapo, Februari 20, lori la asidi lililokuwa linaenda kwenye mgodi wa Mutanda liligongana na magari kijijini Kabwe, na watu wapatao 20 walikufa. Jibu la haraka lilikuwa kwamba lori ni la mkandarasi. Huenda. Mtu aliyeunguzwa na asidi anataka kujua nani atalipa hospitali. Karatasi za usajili wa lori hazimsaidii kwanza. Mwandishi anayerudia "lori la mkandarasi" na kuishia hapo amekwisha kuchukua upande, hata kama hakupokea franga moja.

Basi yule kijana mwenye shati afanye nini, kama hataki kurudi kukaa nyumbani?

Aanze na mkataba. Wengi wanaingia kwenye ajansi kwa mdomo tu, "tutaonana mwisho wa mwezi", na mtu asiye na karatasi hawezi kumkatalia mkubwa wake kitu chochote. Mkataba useme mteja ni nani, kazi ni ipi, malipo ni ya mwezi. Malipo ya kila habari iliyopita redioni ni mtego, maana yanamfanya kijana awe mwindaji wa waandishi, na ndiyo mlango ambao bahasha zinapitia.

Asiandike tarakimu ambayo hakuiona. Kampuni ikisema imejenga madarasa sita, aende ahesabu madarasa, aangalie kama yana madawati, aulize mwalimu mkuu kama mvua inaingia. Akikuta manne, aandike manne, na ampelekee mteja wake barua fupi yenye tarehe kueleza kwa nini. Mteja atakasirika. Siku ambayo mbunge au shirika la kutetea haki za watu litahesabu nalo, mteja huyo huyo atatafuta nani alimwonya. Wakubwa wa ajansi wanaojua kazi wanajua jambo hili: kumsaidia mteja maana yake ni kumwambia ukweli chumbani ili asiaibike barabarani. Ajansi inayomwambia mteja kwamba yeye ni mzuri tu inauza manukato.

Katika kominike aweke chanzo cha pesa. Mstari mmoja unatosha: "Mradi huu umelipiwa na asilimia 0.3 ya mwaka fulani", au "Huu ni mradi wa kaye de sharje iliyosainiwa tarehe fulani", au "Hii ni zawadi, nje ya wajibu wa sheria". Kampuni inayolipa deni lake vizuri haina sababu ya kuficha kwamba ni deni. Kinyume chake, mji uliochoka na wasiolipa utaiheshimu zaidi. Aweke pia jina lake na nambari ya simu inayoitika. Kominike nyingi za hapa zina nambari ambayo baada ya sherehe haipatikani tena, na hilo peke yake linasema mengi kuhusu aliyeiandika.

Siku ya ajali aseme kinachojulikana, aseme saa ngapi atasema tena, na arudi saa hiyo. Majina ya marehemu yafike kwa familia kabla ya redio. Neno "wavamizi" aliache mlangoni kwa walinzi. Na akiambiwa awaeleze watu kwamba maji ya mto hayana dawa ya kiwanda, aulize nani aliyapima, lini, na karatasi ya maabara iko wapi. Bila karatasi hiyo asimame asiseme, hata kama ni kazi yenyewe inayoenda. Hapo ndipo gharama ya kweli ilipo. Mtu anayelipa kodi ya nyumba Kikula na ada za watoto watatu haambiwi kwa urahisi aache mshahara. Lakini watoto hao hao, au wa dada yake, wanaogelea kwenye mto huo.

Sasa kuhusu bahasha. Kongo nzima waandishi wanaiita kupaje, neno la Kifaransa lililogeuzwa kuwa letu, kama vile ugonjwa unavyopata jina la utani. Utetezi wake unajulikana, na si wa kijinga. Mwandishi wa redio ya mji mdogo anaweza kukaa miezi bila mshahara. Pikipiki ya kumpeleka kwenye tukio analipa mwenyewe. Umeme wa SNEL ukikatika, jenereta inakula mafuta na redio haina franga za mafuta. Halafu anakuja mtu mwenye bahasha anaiita "transpor", kwa upole, "mukubwa, ni ya kunywa maji tu". Nani atakataa na unga wa bukari umekwisha nyumbani?

Utetezi huo ni wa kweli na bado hautoshi. Asiyelipwa na mwajiri wake ana ugomvi na mwajiri wake. Redio nyingi za mikoa yetu zina mwenyewe, mwanasiasa au mfanyabiashara, ambaye anajua kabisa kwamba wafanyakazi wake wanaishi kwa bahasha, na amepiga hesabu hiyo kabla ya kufungua redio. Kwake kupaje ni mshahara unaolipwa na wengine. Ndiyo maana hawezi kuikemea. Mwandishi anapojitetea kwa njaa yake, bila kujua anamtetea yule aliyemtia njaa.

Na bei yake ni ndogo mno. Tangazo la kulipiwa lenye sauti yake na muziki wake lina bei kwenye karatasi, linaleta pesa kwenye sanduku la redio, na msikilizaji anajua ni tangazo. Bahasha haifiki hata robo ya hapo. Kampuni inapata dakika tano katikati ya taarifa ya habari, mahali ambapo watu wanaamini, kwa bei ya sahani ya samaki. Anayefurahia biashara hiyo ni mmoja. Redio ambazo zina kiu ya pesa zingekuwa za kwanza kuipiga marufuku.

Dawa yake haihitaji mfadhili wa Kinshasa wala semina ya siku tatu hotelini. Redio iandike bei zake na izibandike ukutani. Kila kitu kilicholipiwa kipite na kengele yake na maneno "tangazo la kulipiwa na", likifuatiwa na jina. Usafiri wa mwandishi ulipwe na redio kutoka sanduku la matangazo. Siku ambayo sanduku ni tupu, tukio lifuatwe kwa simu, au lisifuatwe. Karatasi ya ajansi isisomwe kamwe ilivyo. Ichukuliwe kama neno la upande mmoja, na mtu wa upande wa pili apigiwe simu siku ile ile: shefu wa kartie, mwalimu mkuu, mama wa kisimani, mjumbe wa jamii kwenye chombo cha asilimia 0.3. Kanuni za maadili za waandishi wa Kongo, zinazosimamiwa na chama chao UNPC, zinakataza kuchanganya habari na tangazo. Sheria mpya ya vyombo vya habari ya tarehe 13 Machi 2023 inampa mtu aliyetajwa haki ya kujibu. Kwa hiyo kampuni ikiona imeonewa, mlango wake wa kujibu uko wazi, na redio iutangaze. Sheria zipo, wa kuzitumia ndio wamelala.

Wengine watasema ajansi zitaihama redio inayouliza maswali na kwenda kwa jirani. Kwa miezi ya kwanza, ndiyo. Ndiyo maana redio moja peke yake itashindwa na waandishi wa mji wote wanapaswa kukubaliana: sherehe ikiitishwa, wote waende bila bahasha au wasiende. Wamekwisha kuweza kukubaliana juu ya kiasi cha bahasha. Kukubaliana juu ya kuikataa hakuhitaji akili nyingine.

Wanaoumia zaidi katika jambo hili hawako kwenye sherehe. Ni familia zilizohamishwa, na Likasi inazijua familia hizo kwa vizazi. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwenye nyumba zao na kulala kwenye stesheni ya mji huu wakingoja treni, wengine miezi. Kabla ya panga na moto lilitangulia neno: waliitwa "bilulu", wadudu, katika hotuba za wakubwa, mpaka neno likazoeleka midomoni. Tangu hapo wengine wamefika kwa kukimbia vita upande wa Mitwaba, na wengine wameondolewa na machimbo. Kila kundi limepewa jina na watu ambao hawakulala nje. Leo jina ni la adabu zaidi. Familia iliyovunjiwa nyumba inaitwa "wanufaika wa mpango wa makao mapya", na picha yake iko kwenye kijitabu cha rangi.

Mashirika ya misaada nayo yasijifiche nyuma ya kampuni. Yana watu wao wa mawasiliano, na kamera zao zinapenda mtoto mwenye kamasi. Mama aliyepewa turubai hajauza uso wake. Aulizwe kabla ya picha, kwa lugha anayoielewa, aelezwe itaonekana wapi, na akikataa turubai libaki lake.

Kuhusu kuhamishwa na machimbo, majirani wa Kolwezi wametoa somo kwa maumivu. Septemba 2023 Amnesty International pamoja na shirika la Kolwezi IBGDH walitoa ripoti juu ya watu walioondolewa ili migodi ya shaba na kobalti ipanuke. Wakaaji walisimulia kwamba waliona malipo hayatoshi, na kwamba hawakushauriwa inavyotakiwa. Kampuni zilizotajwa zilikuwa na maelezo yao, baadhi zilikana. Lakini sauti za wakaaji zilisikika hadi Ulaya kwa sababu mtu alikaa nao akaandika majina, tarehe na ukubwa wa nyumba. Redio za mtaani zilikuwa karibu nao zaidi kuliko Amnesty, umbali wa pikipiki moja.

Familia ambayo mtu wa mawasiliano amekwisha kuitembelea ijue anakuja kwa kazi, hata akiwa mtoto wa jirani. Asitukanwe. Apewe kiti, maji, na maswali. Yeye ni nani, analipwa na nani, anaandika nini, na ataleta lini nakala ya alichoandika? Katika mikutano mingi karatasi ya mahudhurio inazungushwa, na mzee anauliza:

"Mwanangu, hii tunasaini nini?"

"Papa, ni ya kuonyesha tu kwamba mulikuwa hapa."

Basi iandikwe hivyo juu yake, kwa Kiswahili: "Mahudhurio tu, si makubaliano." Asiyejua kusoma asitie kidole mpaka mtoto wake wa shule aisome kwa sauti mbele ya wote. Mkutano urekodiwe na simu ya familia pia, si na kamera ya kampuni peke yake. Nyumba, miti ya maembe, mihogo, makaburi, vihesabiwe na wenyewe kwanza, vipigwe picha, viandikwe kwenye daftari na mashahidi wawili, kabla wahesabuji wa kampuni hawajafika na karatasi zao.

Na nakala ya kaye de sharje iombwe kwa barua, hata ya mkono, ikipelekwa kwenye kampuni na nyingine kwa burgumesta au shefu. Barua iandikwe mara mbili: moja inabaki kwao, nyingine inarudi nyumbani na mhuri wa kupokelewa, tarehe na saini ya aliyeipokea. Katibu akisema mhuri haupo leo, aliyeileta akae kwenye benchi angoje. Siku nyingine redio ikisoma kwamba kampuni imewapa kisima kwa moyo wa ukarimu, familia itapeleka kwa mtangazaji ukurasa ambao kisima hicho kimeandikwa, pamoja na mwaka ambao kilitakiwa kuwa kimekwisha kuchimbwa.